Vifaranga wa Rangi ya Tope

Mama Pacha ndiye aliyeleta habari kwamba Dobi ana mtoto mchanga ndani ya chumba chake.

Tulikuwa bombani, hapo uani, kila mtu na ndoo yake, mimi nimembeba Kibibi wangu mgongoni. Mama Pacha hakuwa na ndoo. Alikuja mikono mitupu, na mtu akija bombani mikono mitupu ujue amebeba maneno.

"Nawaambia anaye," alisema. "Kila asubuhi anakwenda dukani kununua yai moja. Moja tu! Anachemsha, anatoa kiini, anakikamua kwenye kitambaa. Nimeona kwa macho yangu haya dirishani. Na jana kaniomba nepi ya zamani, iliyolainika. Ya nini, kama si ya mtoto?"

"Labda anachujia chai," nikasema.

"Chai! Na ile sauti je? 'Kuleni wanangu, taratibu, msisukumane.' Wanangu, jamani, wala si mwanangu. Basi ni pacha hao, na pacha mimi nawajua."

Watu wakacheka mpaka maji yakamwagika ndooni. Lakini walipomaliza kucheka wakanigeukia mimi. Wakasema wewe ndiye mwenye mtoto mdogo, nenda kama unafuata nguo, ukisikia harufu ya maziwa utaijua. Nami nikaenda. Nisiseme uongo, hata mimi nilitaka kujua.

Dobi alikaa chumba kilichotazamana na changu, ng'ambo ya uani. Alifua na kupiga pasi nguo za mtaa mzima. Alikuwa mrefu, mwembamba, viganja vimekwajuka kwa sabuni, vidole vimejikunja ncha kama vya mtu aliyetoka kuoga muda huohuo. Hakuwa na mke. Alikuwa na tabia ya kuzungumza na nguo. Utamsikia anaiambia kola ya shati, "Mwenye kukuvaa anakuchosha, siyo?" Watu alitujua kwa madoa yetu. Mume wangu aliporudi na suruali yenye grisi, Dobi alijua gari lipi limeharibika kazini kabla mimi sijaambiwa.

Nikabisha hodi. Akafungua kidogo, akaweka kidole mdomoni. "Ingia polepole, mama Kibibi. Usiufunge mlango kwa kishindo."

Ndani kulikuwa na kamba zimekatiza dari, mashati yamening'inia safu kwa safu, unapita umeinama. Nyuma ya mashati, kwenye meza ya cherehani iliyokwisha kuondolewa cherehani, palikuwa na tangi la samaki. Samaki wawili wa dhahabu. Mmoja mfupi mnene, mwingine ana mkia mrefu mwepesi unaomfuata nyuma kama pindo la gauni. Na chini sakafuni, dirishani, kulikuwa na tangi jingine dogo, pana, halina kokoto wala mmea, ila mpira wa hewa unaotoa mapovu madogo madogo.

"Wako wapi watoto?" nikauliza.

"Inama. Angalia kwenye kioo. Usipumulie."

Nikainama na Kibibi mgongoni. Kwanza sikuona kitu. Halafu nikaona kope. Kama vile mtu amepepesa macho karibu na kile kioo na kope zake zote zimedondoka zikagandia pale. Kisha kope moja ikajitikisa ikaogelea, na nikaona ina macho mawili meusi.

"Mungu wangu," nikasema.

"Ndio hao wanangu," akasema Dobi, na uso wake wote ukafunguka.

Akanionyesha kila kitu. Alifumua sweta la mtoto ambalo mwenyewe hakulirudia, akatengeneza fungu la nyuzi, akalitumbukiza kwenye tangi la wakubwa. Mama alitaga humo, mayai yakanata kwenye nyuzi kama shanga. Kisha akalitoa haraka fungu lile, kwa sababu wazazi wakimaliza kutaga hugeuka nyuma wakaanza kuyala.

"Wanakula watoto wao?"

"Hawajui kama ni wao. Kwao ni chakula tu."

Ile nepi ya Mama Pacha ilikuwa ya kukamulia kiini cha yai. Alitia tone tu, maji yakafanya ukungu wa manjano, na zile kope zikaanza kuchangamka. Akasema ukizidisha kidogo tu maji yanachacha wanakufa wote, na kwamba maji ya bomba huyaacha kwenye pipa yakatulia kwanza, pipa ambalo sabuni haijawahi kuligusa. Dobi mwenye pipa lisilojua sabuni! Nilicheka, naye akacheka, huku kaziba mdomo.

Nikarudi bombani na ripoti yangu. Mama Pacha alikunja uso. "Samaki? Nepi yangu imekwenda kwa samaki?"

Tangu siku hiyo nikawa naingia. Kibibi alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukaa bila kuegemezwa, na alikuwa msumbufu wa kulia. Lakini ukimkalisha mbele ya lile tangi, ananyamaza, anakodoa, anatoa udenda. Dobi anapiga pasi, mimi nakunja nguo kumsaidia, na tunazungumza. Yeye ndiye aliyezungumza zaidi. Mimi ni wa kusikiliza.

Alinieleza alichokuwa anakitaka, nacho kilikuwa kidogo tu. Alitaka samaki mmoja wa dhahabu aliyemlea mwenyewe tangu yai. Mmoja. Hakutaka wa kuuza wala wa kuonyesha watu. Alisema maisha yake yote anasafisha vitu vya watu anavirudisha. Hajawahi kuwa na kitu kilichoanzia mkononi mwake kikabaki kwake.

"Kwani hawa si hao?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. "Hawa watakua watakuwa na rangi ya tope. Kila mwaka ni hivyo hivyo. Huyu mama ana damu mbaya. Mzuri wa kumtazama, lakini anazaa tope. Kioo aliniambia tangu mwanzo."

Kioo alikuwa rafiki yake. Tulimwita hivyo kwa sababu alikata vioo, vya madirisha, vya makabati, na alikuwa na duka barabara kubwa lenye matangi ya samaki mbele. Yeye na Dobi walianza maisha pamoja, vijana, chumba kimoja, kitanda kimoja, na shati moja zuri la wawili. Leo anavaa huyu kwenda kutafuta kazi, kesho yule. Dobi ndiye aliyelifua kila jioni likauke kwa ajili ya mwenzake, na hivyo ndivyo alivyojifunza udobi. Halafu mwaka mmoja Dobi akashikwa na mapafu, hapumui, gari hakuna, na Kioo akambeba mgongoni mpaka hospitali. Akalala sakafuni chini ya kitanda chake mpaka alipopona. Tangi lile Kioo alilitengeneza mwenyewe kwa vipande vilivyobaki dukani, akampa na wale samaki wawili ndani.

"Kila ninachokijua cha samaki, amenifundisha yeye," Dobi alisema. Alilisema kwa fahari, kama mtu anayetaja shule aliyosoma.

Vifaranga walikua. Kweli, rangi ikawa tope, kijivu kikavu kama maji ya kuoshea jembe. Walipofikia ukubwa wa punje ya maharage, Kioo akaja na ndoo yake.

Nilimpenda, nisifiche. Alikuwa mtu wa kuchangamsha. Ana kalamu ya kukatia vioo nyuma ya sikio, plasta vidoleni, mdomo haupumziki.

"Profesa wa Sabuni!" aliita toka uani. Aliponiona akasema, "Ala, na shemeji yupo! Shemeji, huyu akikuomba umlelee samaki ukatae, atakuachia mpaka uote mapezi."

"Mimi nimekuja na mtoto tu," nikasema.

"Ndivyo wanavyoanza." Akainama kwenye tangi, akatoa mluzi wa huruma. "Tope tupu! Safari hii pia? Ndugu yangu, huyu mama anakuaibisha."

"Labda tuwasubiri kidogo," Dobi akasema.

"Usubiri nini? Tope likisubiriwa linakuwa udongo. Nipe niwapeleke kwa wenzao." Akaanza kuteka kwa kikombe.

Alikuwa anawapeleka kwenye bwawa la bustani ya shule fulani, upande wa pili wa soko. Hivyo ndivyo alivyosema. Dobi akauliza, "Wa mwaka jana wanaendeleaje?"

"Wamenenepa! Wanafunzi wanawatupia mikate. Yule wako mwenye mgongo uliopinda, unamkumbuka? Ndiye kiongozi wao. Anatangulia, wengine wanafuata."

Dobi akatabasamu peke yake, akaendelea kukunja shati.

Kibibi alipoona ndoo inaondoka na samaki akaangua kilio, kile cha kujipinda. Dobi hakuweza kukivumilia. Akatia kikombe ndooni, akatoa wawili, akawaweka kwenye chupa kubwa ya mdomo mpana. "Hawa wa Kibibi."

"Acha kumpa mtoto uchafu," Kioo akasema, haraka kuliko kawaida yake. "Nitamletea wa kweli dukani."

"Amewapenda hawahawa."

Kioo akatazama ile chupa, akanitazama, akacheka. "Haya. Mtoto ni mfalme." Akaenda zake.

Wale wawili nikawahamishia kwenye beseni la plastiki lenye kuonyesha ndani, juu ya kabati, na Dobi akanipa maji ya pipa lake. Nikawalisha kama alivyonifundisha, kidogo kidogo.

Kuna siku nilifuatana naye kupeleka mashati barabara kubwa, tukapita dukani kwa Kioo. Mwenyewe hakuwepo, kulikuwa kumefungwa. Dobi akasimama mbele ya kioo cha duka, mashati mkononi, akasahau anakokwenda. Ndani ya tangi kubwa kulikuwa na samaki wa dhahabu wengi, mikia mirefu, wanageuka pamoja kama nguo kwenye upepo.

"Kioo anawaagiza kutoka mbali," akaniambia. "Nchi gani sijui, alinitajia nikasahau. Hebu ona mikia. Wangu wangepata rangi tu, wangekuwa hivi hivi."

Alikaa pale mpaka nikamkumbusha mashati.

Kibibi alipoanza kusimama kwa kushika kiti, niliona kitu kwa mmoja wa wale samaki wetu. Tumboni, karibu na pezi, alikuwa na doa kama kutu. Nilidhani ni mwanga. Kesho yake doa limepanda. Nikambeba na beseni lake mpaka kwa Dobi.

Akamtazama dirishani, jicho moja kalifumba, vile anavyotafuta doa kwenye kola. "Hiki ni kidonda," akasema. "Anaungua kwa ndani. Mtenge na mwenzake."

Tukamtenga kwenye chupa. Dobi akatia chembe za chumvi, akabadilisha maji asubuhi na jioni. Doa likazidi. Likawa la machungwa, likapanda ubavuni, na sisi wawili tumeinama juu ya chupa ile tunasikitika kama watu waliozunguka kitanda cha mgonjwa. Dobi akamsimamisha mtu aliyekuwa anakwenda barabara kubwa, akamwomba amwambie Kioo.

Kioo akaja siku hiyohiyo mchana. Hakuita Profesa toka nje. Alitazama chupa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikusikia mzaha.

"Ugonjwa huu. Mbaya. Nipe nikamtupe."

"Hauna dawa?" Dobi akauliza.

"Hauna. Na huyo wa pili nipe pia. Shemeji, mtoto asiguse kabisa hayo maji, unasikia? Unashika mpaka watu."

Nikamwosha Kibibi mikono kwa sabuni palepale mpaka akalia. Lakini Kioo aliponyosha mkono kwenye chupa, mimi nikaishika. Sijui niseme nini. Niliona yule samaki anakimbilia chakula. Asubuhi ile nilimpa punje, akaidaka kabla haijazama. Kibibi wangu akiumwa, cha kwanza anakataa titi. Mgonjwa wa kufa hali vile. Nikamwambia Kioo, "Ni wa mwanangu. Nitamtupa mwenyewe."

"Shemeji, nakuonea huruma."

"Nitamtupa, shemeji. Usihangaike."

Akanitazama. Halafu akamtazama Dobi, kama vile anataka amsaidie kuniamrisha. Dobi alikuwa ameinamisha kichwa, anahuzunika kwa ajili ya samaki.

Sikumtupa. Nilimficha juu ya kabati, nyuma ya sufuria. Kisha yule wa pili naye akaanza doa. Nikasema haya basi, wote wamekwisha, nikawarudisha pamoja besenini, na nikaacha kutazama kwa karibu kwa kuogopa. Nikawa nawapa chakula nimegeuza uso.

Asubuhi moja Dobi alileta suruali za mume wangu. Mlango ulikuwa wazi, jua limeingia mpaka juu ya kabati, na Kibibi alikuwa amesimama kitini anagonga lile beseni kwa kijiko. Dobi akasimama mlangoni.

"Mama Kibibi. Hawa umewatoa wapi?"

Nikageuka. Jua lilikuwa limewapiga, nami nikawaona kama ndiyo mara ya kwanza. Mmoja alikuwa wa dhahabu tupu, toka mdomo mpaka mkia. Mwingine alibakiwa na mstari wa tope mgongoni tu.

"Ni walewale," nikasema.

Akaweka suruali chini, sakafuni, yeye ambaye hajawahi kuweka nguo safi sakafuni. Akasogea. Akawatazama muda mrefu, hasa mikia. Ilikuwa mirefu, myepesi, inafuata nyuma.

"Mkia wa mama yao," akasema.

"Wamepona," nikasema, na maneno yalipotoka nikajiona mjinga.

"Hawakuumwa."

Akachukua ile chupa, akamtia ndani yule wa dhahabu tupu, akanitazama. Nikambeba Kibibi, tukaenda dukani kwa Kioo.

Kioo alikuwa anakata. Unasikia kalamu inapita juu ya kioo, kriii, halafu anagonga, kinakatika sawa. Akainua uso. "Profe..." Akaiona chupa. Akaweka kalamu mezani.

"Ule ugonjwa umewapata wote wawili," Dobi akasema.

Kioo akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Basi umejua."

"Nimejua nini? Niambie wewe."

"Wanabadilika. Wanazaliwa rangi ya tope, wakikua wanabadilika. Ndivyo walivyo. Hata mtoto wa shule anajua hilo, Dobi."

"Mimi sikujua."

"Sasa hilo ni kosa langu?"

"Ulinifundisha wewe."

Kioo akakung'uta unga wa kioo kwenye aproni. Dobi akauliza, "Na bwawa la shule?"

"Bwawa gani tena, ndugu yangu," Kioo akasema taratibu, karibu kwa upole.

"Ulisema wanatupiwa mikate. Ulisema yule mwenye mgongo uliopinda ndiye anayewatangulia."

"Uliuliza! Kila mara unauliza. Ningekujibu nini?"

Dobi akageukia tangi kubwa. "Ni hawa?"

"Ni hao."

"Nilisimama hapa nikakuuliza wametoka nchi gani."

"Ulifurahi. Nikakuacha ufurahi."

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, natazama vipande vya kioo sakafuni, nimembana Kibibi mpaka akalalamika. Kioo naye akaanza kupandisha sauti. Nimeona watu wengi wakikosa jibu hupata hasira.

"Nimekuibia? Nimevunja mlango wako? Ulinipa kwa mkono wako, na ndoo ulinishikia! Ungewaweka wapi wote wale, kwenye karai la nguo za watu? Wangekufa. Mimi hapa nina nafasi, nina pampu, nina watu wanaowataka. Na wewe nani alikubeba mgongoni..."

Akaishika tena ile kalamu yake.

"Malizia," Dobi akasema.

"Basi."

"Malizia, Kioo. Nani alinibeba."

"Nimesema basi."

Nje gari lilipiga honi likapita. Dobi alikuwa anaitazama chupa yake. "Yule mama samaki," akasema. "Miaka yote hii namwambia ana damu mbaya. Kila asubuhi nikimlisha namwambia."

"Samaki hasikii."

"Mimi nilikuwa nasikia."

Wakati ule akaingia mama mmoja, mteja, mkoba mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. "Jamani uzuri! Unawalea mwenyewe hawa?"

Nilimtazama Kioo. Dobi naye akamtazama. Palikuwa na nafasi pale, ndogo lakini ya kutosha. Kioo akachukua kitambaa akajifuta mikono, na akasema, "Naam, mama. Nawalea mwenyewe."

Dobi akamgeukia yule mama. "Ukiwachukua usiwazidishie chakula," akamwambia. "Punje kidogo tu. Wakizidishiwa maji yanachacha." Kisha akatoka, nami nikatoka nyuma yake.

Tulipofika uani nikamwambia achukue wale wawili, ni wake. Akakataa. "Umewalea wewe. Mimi niliwaita wagonjwa. Nilimwita mtu aje awatupe."

Siku zilizofuata aliunguza shati. Dobi, kuunguza shati! Mama Pacha akaja bombani na habari kwamba Dobi amefiwa. Nilipomweleza kisa chenyewe, alishika kiuno. "Twende tukamvunjie hilo duka! Watu kumi tu, kila mtu jiwe lake, kwanza vyote ni vioo." Akaenda mpaka kwa Dobi kumwambia hivyo. Dobi akamshukuru kwa heshima na kumrudishia nepi yake, imefuliwa imepigwa pasi.

Nilimwona anabadilika kidogo kidogo. Aliacha kuzungumza na nguo. Wale samaki wawili wakubwa aliwalisha bila kusema kitu, wala kibaya wala kizuri. Mara moja nilimsikia amesimama mbele ya tangi anasema "samahani," halafu akatazama nyuma kama kuna mtu. Nikajifanya nahesabu vibanio.

Kibibi akaanza kutembea. Na yule mama samaki akanenepa upande, dume likaanza kumfukuza tangi zima, na Dobi akafumua sweta jingine. Nikaona mikono yake inachangamka tena. Mayai yakanata kwenye nyuzi, akayahamisha. Alinipita uani amebeba yai la kuku kwenye kiganja kama zamani, nami nikafurahi mpaka nikamwimbia Kibibi.

Halafu leo hii asubuhi, nikiwa naanika nguo, nikasikia kicheko chumbani kwa Dobi. Vicheko viwili. Nikasogea na nguo mbichi mkononi. Mlango ulikuwa wazi nusu. Kioo alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, kile ninachokalia nikikunja nguo, kikombe cha chai mkononi. Mezani kulikuwa na pampu mpya ya hewa, bado ina karatasi zake. Alikuwa anasimulia habari za lile shati la wawili, jinsi siku moja wote wawili waliitwa kazini asubuhi moja, mmoja akaenda na shati, mwingine akaenda amejifunga shuka akasema amevunjika bega. Na Dobi alikuwa anacheka. Alikuwa anapiga pasi shati jeupe la Kioo, anafuta machozi kwa nyuma ya mkono, anacheka kweli.

"Shemeji!" Kioo akaniita. "Karibu chai!"

Nilirudi kwenye kamba yangu nikaanika nguo bila kuzikung'uta, zikakaa na mikunjo yake. Niliumia kama vile ni mimi niliyedanganywa. Nikasema moyoni, kumbe watu hawa hutakiwi kuwaonea uchungu, wanarudiana na wewe unabaki na hasira zisizo zako. Nilimsikia Kioo anaaga. Nilimsikia anasema mlangoni, "Na hao wadogo wameanguliwa lini?" Jibu sikulisikia.

Nilikuwa namlisha Kibibi uji mlango ulipogongwa kwa mguu. Dobi alikuwa amesimama na lile tangi dogo kifuani, amelifunika kitambaa kibichi. Maji yalikuwa yamemlowanisha shati.

"Naomba nipite," akasema.

Nikampisha. Akaliweka chini, upande wa dirisha, akafunua kitambaa, akapiga magoti kuangalia. Nami nikaangalia. Kope, zimegandia kwenye kioo, nyingi.

"Si ulitaka kumlea mmoja mwenyewe?" nikasema, na sauti yangu ilikuwa kavu, kwa sababu ya kile kicheko. "Mbona unawaleta huku?"

"Nitakuja kuwalisha hapa. Kila asubuhi, kabla sijawasha pasi. Lakini walale kwako. Mlango wako, ufunguo wako."

"Unamwogopa Kioo sasa? Si mlikuwa mnakunywa chai?"

Hakukasirika. Alikaa vilevile magotini, viganja vyake vilivyokwajuka juu ya mapaja. "Yeye simwogopi," akasema. "Atakuja na ndoo. Hajasema, lakini atakuja. Atanichekesha, atasema wamebanana, atasema atachukua wachache tu. Na mimi nitampa, mama Kibibi. Nilikuwa namsikiliza leo nikajiona kabisa ninavyoishika ile ndoo. Najua alichonifanyia. Najua, na nitampa."

Kibibi alikuwa amemsogelea, ameweka mkono wenye uji begani kwake. Dobi hakuufuta.

"Akija kwako mfungie mlango," akasema. "Na mimi nikija kabla hawajapata rangi, nikasema nawataka, nikakuambia ni wangu, hata nikikulilia hapa mlangoni, naomba, dada yangu, hata mimi usinipe."